Tundu la keneli: uzime mashine usiku huu, ubandike kiraka ikitembea, au uzibe kwa muda?

Habari za tundu la keneli hazijui saa za kazi. Umeshafika nyumbani, umeshavua viatu, simu inalia: kuna kitu kinaitwa Dirty COW, au Dirty Pipe, na bosi kakisoma kwenye kundi la WhatsApp. Anauliza swali moja tu: "Na sisi tumo?"

Wewe unayeshika seva una swali la pili, na ndilo gumu: nifanye nini, na kwa haraka kiasi gani? Njia ziko tatu. Unaweza kuweka keneli mpya kisha ukazima na kuwasha mashine. Unaweza kubandika kiraka keneli ikiwa inatembea, bila kuzima chochote. Au unaweza kuifunga ile sehemu yenye tundu ukasubiri. Nimezipita zote tatu, na moja niliipita vibaya, nitaeleza.

Kwa asiyeishi humu: keneli ni kiini cha mfumo endeshi, hapa Linux, programu inayokaa kati ya vifaa na programu nyingine zote. Tundu ni kosa la msimbo linalompa mtu njia ya kuvunja ulinzi, na kiraka ni msimbo mdogo unaolirekebisha. Ndiyo inayoamua nani asome faili gani na nani aandike wapi. Ikikosea yenyewe, hakuna wa juu yake wa kumkatia rufaa.

Majina yanafanana, tabia mbalimbali

Dirty COW (CVE-2016-5195, namba yake kwenye orodha ya umma ya matundu) ilitangazwa Oktoba 2016. Aliyeigundua, Phil Oester, hakuikuta kwa kusoma msimbo. Kuna mtu alikuwa ameshaitumia kwenye seva aliyoisimamia, na kwa bahati Oester alikuwa akihifadhi mawasiliano yote ya tovuti (HTTP) yanayoingia. Akaichimbua humo programu ya kushambulia. Tundu lenyewe lilikuwa wazi tangu toleo la 2.6.22 la mwaka 2007. Linus Torvalds, muasisi wa Linux, alipoandika kiraka chake, alikiri kwamba kosa ni la kale, kwamba aliwahi kujaribu kulirekebisha miaka 11 kabla, na marekebisho yale yakaja kuondolewa kwa sababu yalileta shida kwenye mashine za s390 za IBM.

Linavyofanya kazi ni hivi. Programu mbili zikitumia ukurasa mmoja wa kumbukumbu, keneli haihangaiki kutoa nakala mpaka mmoja wao atake kuandika. Hapo ndipo anapewa nakala yake. Mshambuliaji huanzisha nyuzi mbili, yaani sehemu mbili za programu moja zinazotembea sambamba, zikikimbizana. Mmoja unaandika kupitia /proc/self/mem, faili maalumu ya kufikia kumbukumbu ya programu yenyewe, mwingine unaiambia keneli kila mara iitupe nakala. Katika upenyo mdogo mno wa wakati keneli inachanganyikiwa na kuandika kwenye ukurasa wa asili. Faili uliyoruhusiwa kusoma tu, umeiandika.

Dirty Pipe (CVE-2022-0847) ilitangazwa tarehe 7 Machi 2022, na chanzo chake ni malalamiko ya kawaida kabisa ya mteja. Aprili 2021 Max Kellermann, mtayarishaji programu wa Ujerumani, aliletewa tatizo la faili za logi (rekodi za shughuli za seva) zilizobanwa ambazo zilikuwa hazifunguki. Akarekebisha kwa mkono, akafunga suala. Likarudi. Likarudi tena. Baada ya miezi akagundua kwamba zilizoharibika nyingi ni za siku ya mwisho wa mwezi, na kwamba uharibifu ni ule ule: baiti 8 za mwisho zimebadilishwa na baiti zinazoanza na herufi PK, ambazo ni alama ya faili za ZIP. Huduma yao ilikuwa inaunganisha logi za mwezi mzima kuwa ZIP moja kupitia paipu, mfereji wa keneli wa kupitisha data kati ya programu, na kichwa cha sehemu ya mwisho ya ZIP kilikuwa kinavuja na kuandikwa juu ya faili ya mwisho iliyopita humo. Wengi wetu tungelaumu diski. Yeye aliendelea mpaka akafika kwenye keneli.

Kosa lilikuwa dogo hadi unatamani kucheka. Tangu toleo la 5.8 la mwaka 2020, keneli ilipotengeneza bafa ya paipu, yaani nafasi ya muda ya kuwekea data, haikuifuta bendera (alama ya ruhusa) iliyobaki kutoka matumizi yaliyotangulia. Kiraka chake ni mistari miwili inayoirudisha bendera hiyo sifuri.

Kwa anayechagua njia, tofauti zilizopo kati ya haya mawili zina uzito. Dirty COW inategemea mbio, hivyo mshambuliaji hujaribu na kujaribu. Dirty Pipe haina mbio yoyote; inafanikiwa kila mara, mradi faili inasomeka, huandiki kwenye baiti ya kwanza ya ukurasa, na hutaki kuirefusha faili. Zaidi ya hapo, badiliko la Dirty Pipe linakaa kwenye kumbukumbu ambako keneli huweka kurasa za faili, na huenda lisifike kwenye diski kabisa. Maana yake ni kwamba ukizima mashine, unaweza kuwa umelifuta. Ni nafuu, na papo hapo ni hasara: kama una shaka kwamba mtu ameshaingia, kitufe cha kuzima kinafagia nyayo zake kabla hujaziona.

Kinachoyaunganisha ni kwamba yote mawili yanahitaji mtu ambaye tayari anaweza kuendesha programu ndani ya mashine yako. Mtu wa nje kabisa, asiye na mlango, hayamfai kitu. Ndiyo maana swali langu la kwanza siku hizi si "toleo gani?" bali "nani ana mguu ndani?" Mwanafunzi mwenye akaunti ana mguu ndani. Mteja wa tovuti anayepakia msimbo wake wa PHP anao pia. Tovuti yako ya zamani yenye fomu ya kupakia picha isiyochuja kitu inaweza kumpa mguu ndani mtu usiyemjua hata jina.

Kuzima na kuwasha

Njia hii ndiyo ya uhakika kuliko zote, na ndiyo inayoogopwa kuliko zote. Unapata keneli kamili yenye marekebisho yote, likiwemo lile lililoandikwa magazetini na mengine kumi ambayo hayakupewa jina. Kiraka cha Dirty Pipe kilitoka kwenye keneli rasmi za 5.16.11, 5.15.25 na 5.10.102 tarehe 23 Februari 2022, siku 12 kabla ya tangazo. Aliyekuwa na desturi ya kufuata matoleo hayo bila kuuliza aliamka tarehe 7 Machi akiwa ameshamaliza kazi, bila kujua kwamba kulikuwa na kazi.

Gharama yake unaijua: huduma inasimama. Lakini muda wa kusimama si jambo lililoandikwa kwenye jiwe. Seva kubwa za kweli hutumia dakika kadhaa kujikagua kumbukumbu na kadi zake kabla hata keneli haijaanza, na `kexec` inaruka hatua hiyo kwa kupakia keneli mpya moja kwa moja kutoka kwenye ile ya zamani. Na mwenye seva mbili nyuma ya kigawa mzigo, kinachowagawa watumiaji kati yake, hana cha kuogopa: anatoa moja, anaiwasha upya, anairudisha, kisha ya pili. Watumiaji hawajui kilichotokea. Kwangu hiyo ndiyo njia bora kuliko zote, ila inahitaji uwe umenunua seva ya pili kabla ya siku ya shida, na hapo ndipo mazungumzo na mhasibu huanza.

Hofu yenyewe haitokani na zile dakika. Inatokana na swali la kama mashine itarudi. Niliwahi kulea seva iliyofikisha siku 611 bila kuzimwa, na nilijisifia kwa hilo mbele za watu. Siku nilipolazimika kuizima, saa nane usiku, haikuamka. Miezi mingi nyuma nilikuwa nimeichomoa diski moja ya nakala na sikufuta mstari wake kwenye `/etc/fstab`, orodha ya diski ambazo mashine huziunganisha ikiwaka. Mashine ikakaa inaisubiri diski ambayo iko kabatini, kisha ikaingia kwenye hali ya dharura ikiomba nenosiri kwenye skrini ambayo hakuna aliyekuwa mbele yake. Nilivaa nikaenda. Tangu hapo siku nyingi bila kuzima sizioni kama sifa. Ni siku nyingi bila kujua kama mashine yako inaweza kuwaka.

Kabla ya kuzima basi, angalia mambo mawili tu ambayo huangusha wengi: fstab kama nilivyosema, na nafasi kwenye `/boot`, folda zinamokaa keneli, ambayo ikijaa keneli za zamani hiyo mpya inaandikwa nusu. Na hakikisha una konsoli ya mbali, ile inayokuonyesha skrini hata kabla mtandao haujawaka.

Kiraka mashine ikitembea

Wazo ni la kijanja. Keneli ina kazi ndogo ndogo, yaani vipande vya msimbo, kila moja na mlango wake. Kiraka kinaleta nakala mpya ya ile kazi yenye kosa, kisha kinabadilisha mlango: kila anayeingia kwenye ya zamani anaelekezwa kwenye mpya. Hakuna kinachozimwa. Ksplice, iliyoanzia chuo cha MIT na baadaye kununuliwa na Oracle mwaka 2011, ndiyo iliyoonyesha kwamba inawezekana. Mwaka 2014 kampuni za Linux za SUSE na Red Hat zikaja kila moja na yake, kGraft na kpatch, na msingi wa pamoja ukaingia kwenye Linux 4.0 mwaka 2015. Canonical, kampuni ya Ubuntu, walizindua huduma yao ya Livepatch tarehe 18 Oktoba 2016, siku moja mbili tu kabla ya Dirty COW kutangazwa. Hata kama ungelipa mtu wa matangazo usingepata wakati mzuri kama ule.

Inafaa wapi? Itazame Dirty Pipe: mistari miwili, ndani ya kazi mbili, hakuna muundo wa data uliobadilika. Hicho ni kiraka cha kubandika ukiwa unakunywa chai. Inashindwa wapi? Itazame Meltdown, tundu la vichakataji la Januari 2018. Marekebisho yake kwenye Linux yalibadilisha namna keneli inavyotenganisha kumbukumbu yake na ya programu, jambo linaloanza tangu mashine inapowaka. Red Hat na Canonical waliwaambia wateja wao wawashe upya, na hata mteja wao mwenye huduma ya viraka hai, hivi vya kubandika mashine ikitembea, alipanga foleni na wengine.

Kwa hiyo ukinunua huduma hii unanunua muda. Hununui ruhusa ya kutozima tena. Kila keneli inapewa viraka kwa kipindi fulani, kikiisha unahama. Matundu makubwa ndiyo yanayobandikiwa viraka, madogo yanasubiri keneli mpya. Na viraka vikirundikana juu ya keneli ya mwaka jana, mashine unayoiendesha inakuwa kitu ambacho hakuna mwingine duniani anayekiendesha sawasawa hivyo.

Kuna kero ndogo ambayo hakuna tangazo linaloitaja. Ukishabandika, `uname -r`, amri ya kuonyesha toleo la keneli, inaendelea kuonyesha namba ile ile ya zamani. Mkaguzi anakuja na programu yake ya kukagua, inawaka nyekundu, na wewe unabaki kueleza kwamba tundu limezibwa ila namba haijui. Jizoeze kuonyesha `canonical-livepatch status` au `kpatch list` badala yake. Kwenye mazingira yetu ongeza na umeme: ukikatika na betri zikaisha, mashine inarudi na keneli ile ile yenye tundu, na inabaki wazi mpaka huduma ya viraka iwake na kukibandika tena kiraka. Ni muda mfupi, lakini hakikisha huduma hiyo inaanza yenyewe.

Bei inatofautiana. Ubuntu Pro, ambayo ndani yake mna Livepatch, ni bure kwa matumizi binafsi hadi mashine 5. Ksplice inakuja na mkataba wa Oracle. KernelCare inalipiwa kwa mashine na inashika aina nyingi za Linux. Debian yenyewe haitoi huduma hiyo, hivyo mwenye Debian ama alipie mtu wa nje ama arudi kwenye njia ya kwanza.

Kuziba kwa muda

Hapa kila kitu kinategemea tundu liko wapi. Februari 2017 Andrey Konovalov alitangaza kosa kwenye DCCP (CVE-2017-6074), itifaki ya mtandao ambayo karibu hakuna anayeitumia, na kosa huenda lilikuwa humo tangu 2005. Dawa: mstari mmoja kwenye `/etc/modprobe.d` unaoizuia moduli yake, kipande hicho cha keneli, isipakiwe. Umemaliza, na hujakosa chochote maana hukuwa unajua hata kama unayo.

Kosa la nf_tables, sehemu ya keneli inayochuja mtandao, la mwaka 2024 (CVE-2024-1086) liko katikati. Mtumiaji wa kawaida analifikia kwa kutumia nemspesi, yaani uwezo wa kujitengenezea chumba ambamo anajiona yeye ni mkuu wa mashine. Ukimnyima uwezo huo, kwa mfano kwa kuweka `user.max_user_namespaces=0`, mlango umefungwa. Lakini vizimba vya vivinjari kama Chrome vinasimama juu ya uwezo huo huo, na kontena (programu zilizofungwa kila moja na mazingira yake) zinazoendeshwa bila root, yaani bila mamlaka ya mkuu wa mashine, pia. Kwenye seva ya kanzidata hutasikia kitu. Kwenye kompyuta za ofisi utakuwa umedhoofisha kinga moja ili kuimarisha nyingine, na mimi nisingefanya hivyo.

Kwa Dirty COW palikuwa na kizuizi cha Red Hat kupitia SystemTap, zana ya kupachika msimbo kwenye keneli inayotembea, kilichokata njia ambazo mashambulizi yaliyojulikana yalipitia. Kilisaidia, lakini kiliharibu pia zana za watayarishaji programu zinazotegemea njia hizo hizo. Na kwa Dirty Pipe hapakuwa na kitu: huwezi kuzima paipu kwenye Linux ukabaki na Linux.

Kosa ninaloliona zaidi kwenye njia hii si la kiufundi. Mtu anaziba, anawaandikia wakubwa "tumeshughulikia", na keneli mpya haiwekwi tena. Ukichagua njia hii, andika tarehe ya mwisho kwenye barua hiyo hiyo.

Nani achague nini

Ukiwa na seva ya kuuzia nafasi za tovuti, ambamo wateja 200 wanaendesha msimbo wao, lipia kiraka hai na usijadili. Hapo kila mteja ana mguu ndani, na mmoja mwenye nenosiri bovu anatosha. Kisha panga kuwasha upya ndani ya mwezi.

Seva ya wanafunzi chuoni: ziba kwa muda kama tundu linazibika, kisha zima usiku huo huo. Hakuna anayekufa maabara ikilala saa moja, na hapo ndipo penye vijana wenye muda na hamu ya kujaribu.

Kanzidata ya duka, inayofikiwa na programu moja tu na watu wawili wenye funguo: subiri hadi Jumapili usiku. Najua wapo watakaosema mimi mzembe. Mashine isiyo na mgeni ndani haina haraka sawa na nyumba ya wapangaji, na mtu anayezima kila kitu mchana kwa sababu ya kichwa cha habari atachosha watu, na siku ya hatari ya kweli hawatamsikiliza. Lakini kama duka hilo lina tovuti kwenye mashine ile ile, sahau nilichosema, ni usiku huu.

Wa kontena wana mtego wao. Kontena hazina keneli yake. Zote zinatumia ya mashine mama. Niliwahi kumkuta kijana mwerevu amejenga upya picha zake zote za Docker, yaani vifurushi vya faili ambavyo kontena huanzishwa navyo, baada ya Dirty Pipe na kulala usingizi. Hakuna alichorekebisha, na mbaya zaidi, Dirty Pipe iliwezesha kontena moja kubadilisha faili za picha ya kusoma tu ambayo kontena nyingine pia zinaitumia.

Kabla ya lolote, usiisome namba ya keneli peke yake. Watengenezaji hurudisha viraka kwenye matoleo ya zamani bila kubadilisha namba kubwa, hivyo 5.10 ya Debian iliyorekebishwa na isiyorekebishwa zinafanana mpaka uangalie mkia wake. Soma tangazo la usalama la toleo lako. Kwa Dirty Pipe, Debian 11 ilikuwa na tundu, Debian 10 yenye 4.19 haikuwa nalo, na Ubuntu 20.04 ilitegemea kama umebaki na 5.4 yake ya mwanzo au umehamia keneli mpya zaidi.

Simu nazo zilifuata mantiki hiyo hiyo. Android imejengwa juu ya Linux, lakini keneli zake nyingi wakati ule zilikuwa za mfululizo wa 4. Zilizoguswa ni za gharama, kama Pixel 6 na Galaxy S22, zilizokuja na 5.10; simu ya bei ya Kariakoo ilisalimika kwa uzee wake. Dirty COW haikuwa na huruma hiyo, na mwaka 2017 programu hasidi iitwayo ZNIU ilikuwa inaitumia kwenye Android. Kwenye simu hata hivyo huna njia tatu. Unayo moja: sasisho likija, liweke, na kabla ya kununua simu angalia imeandikwa itapewa masasisho ya usalama kwa miaka mingapi.

Kuna kundi la mwisho ambalo huwa linachagua bila kujua. Baadhi ya seva za bei rahisi zinazouzwa mtandaoni, zile za mtindo wa OpenVZ, zinakupa chumba ndani ya keneli ya mwenye nyumba. Unaweza kuandika `apt upgrade`, amri ya kusasisha, mpaka kesho, keneli haiguswi. Fungua tiketi kabla ya kulipia mwezi ujao, uulize maswali mawili: keneli ni yangu au ni yenu, na kama ni yenu, mara ya mwisho mliiwasha upya lini?